Shangazi, je, niombe shahada ya uchumi bila Hisabati ya Juu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 17. Ninaishi Uingereza na wazazi wangu tangu nikiwa na miaka 11, na nimemaliza mwaka wa kwanza wa A-level hivi karibuni. Masomo yangu ni Hisabati, Uchumi na Historia. Walimu wamenikadiria A*, daraja lililo juu ya A, katika Hisabati na Uchumi, na A katika Historia. Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa na nia moja tu, nayo ni kusoma shahada ya uchumi katika chuo chenye ushindani mkubwa, hasa Cambridge au LSE, chuo cha uchumi na sayansi ya siasa cha London.

Tatizo langu ni Hisabati ya Juu, yaani lile somo la pili la hisabati ambalo wanafunzi wenye nia kama yangu hulisoma pamoja na Hisabati ya kawaida ya A-level. Mwaka jana nilijiandikisha kulisoma, lakini tulijitokeza wanafunzi watatu tu, na katika wiki ya pili ya Septemba mkuu wa idara alituita akatuambia kwamba shule haiwezi kuweka mwalimu kwa darasa la watu watatu. Wenzangu wawili wakahamia Fizikia, nami nikachukua Historia, somo ambalo nimelipenda kwa kweli.

Sikuutambua uzito wa jambo hili mpaka mwezi uliopita, nilipokwenda kutembelea chuo kimoja siku ambayo kilifungua milango kwa waombaji. Nilisimama kwenye foleni ya kuuliza maswali pamoja na vijana wanne, na wote wanne walikuwa wanasoma Hisabati ya Juu. Mmoja wao aliniuliza, bila nia mbaya, kama basi mimi nitaomba shahada ya biashara. Nilirudi nyumbani kwa treni nikiwa kimya safari nzima.

Baba anataka nihamie shule nyingine, nirudie mwaka wa kwanza wa A-level, niache Historia na nichukue Hisabati ya Juu. Mama anaona huko ni kupoteza mwaka. Mwalimu wangu wa Hisabati ananishauri nijisomee mwenyewe nusu ya somo hilo, ile ngazi ya AS, kisha nifanye mtihani mwakani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mimi mwenyewe kuna usiku ninaolala nikiwa nimeamua kuachana na Cambridge na LSE kabisa. Nifanye nini, Shangazi?

Msomaji wako, Uingereza

*

Marahaba, mwanangu.

Usirudie mwaka, na usiwaondolee wanaosoma maombi kazi yao kwa kujikataa mwenyewe kabla hawajakuona. Kuhusu AS ya kujisomea, nitakueleza huko mbele kwa nini ningeiacha, ingawa sina shaka kwamba mwalimu wako anakutakia mema.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo foleni ile iliyachanganya, yaani sharti la kuingia na sifa inayopendelewa. Cambridge huwataka waombaji wa shahada ya Uchumi wawe na Hisabati ya A-level, na kiwango chake cha kawaida ni A*A*A. LSE kwa shahada yake ya Uchumi hutaka A*AA, na hiyo A* iwe ya Hisabati. Katika vyuo vyote viwili Hisabati ya Juu haimo katika masharti ya shahada hiyo. Inasaidia, na vyuo havifichi kwamba inasaidia, lakini mwombaji hakataliwi kwa sababu shule yake haikuifundisha. Oxford haina shahada ya uchumi peke yake. Wanaoutaka uchumi huko huusoma pamoja na menejimenti, au pamoja na historia, au pamoja na falsafa na siasa. Kwa kuwa mtu haruhusiwi kuomba Oxford na Cambridge katika mwaka mmoja, na wewe moyo wako uko Cambridge, tuiache Oxford ilipo.

Nisingekutendea haki kama ningeishia hapo. Waombaji wengi utakaoshindana nao watakuwa na Hisabati ya Juu, na wataingia chumba cha mtihani au cha usaili wakiwa wametumia saa nyingi zaidi yako kufanya hisabati. Wepesi wa mkono ndio wanaokuzidi, kwa maana wamezoea kukaa na swali wasilolijua bila kutishika. Hilo ni pungufu la kweli, lakini linazibika kwa mazoezi ya miezi michache na halihitaji mwaka mzima wa kurudia darasa. Mengine yaliyo ndani ya somo lile, kama namba changamano, hutayahitaji kwa muda mrefu. Matriksi utazihitaji, na chuo kitakufundisha. Kanuni ya Lagrange ya kutafuta kilicho bora chini ya kikwazo, ambayo mwanafunzi wa uchumi hukutana nayo mapema sana, ni ngeni hata kwa karibu wote waliosoma Hisabati ya Juu. Siku hiyo mtakuwa mmekaa benchi moja.

Sasa nenda kwa mwalimu atakayekuandikia maoni katika fomu ya UCAS, ile ya kuomba vyuo vyote vya Uingereza kwa pamoja, na uende kabla shule haijafungwa kwa likizo. Fomu ya maoni ya mwalimu ina sehemu tatu, na ya kwanza ni maelezo ya jumla kuhusu shule. Hapo ndipo panapostahili kuandikwa, kwa sentensi mbili zisizo na malalamiko, kwamba shule haikufundisha Hisabati ya Juu katika mwaka wako na kwamba wewe ulikuwa umejiandikisha kulisoma. Jambo hili likitoka kwa mwalimu ni taarifa; likitoka kwako katika maelezo yako binafsi litasomeka kama udhuru, na litakula nafasi ambayo unaihitaji kwa mambo mazito zaidi. Wanafunzi wengi hudhani chuo kinajua chenyewe kila shule inafundisha nini. Usidhani hivyo. Mwombe mwalimu aandike, kisha mkumbushe Septemba, kwa sababu mwezi huo walimu huwa na barua nyingi za kuandika.

Jambo la pili ndilo ninalotaka ulipe majira yako yote ya joto. Cambridge huwataka waombaji wa Uchumi wafanye mtihani wa hisabati wa kujiunga uitwao TMUA, na LSE pia huutumia kwa shahada ya Uchumi. Mtihani huo una karatasi mbili, kila moja ikiwa na maswali 20 ya kuchagua jibu na muda wa dakika 75. Kikokotoo hakiruhusiwi. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo usiache swali lolote wazi. Kwako wewe lililo kubwa ni kwamba maudhui yake hayatoki katika Hisabati ya Juu. Kwa sehemu kubwa yanatoka katika Hisabati ya GCSE, ile mitihani ya kabla ya A-level, na ya mwaka wa kwanza wa A-level, yaani mambo ambayo mengi yake umekwisha kuyasoma, isipokuwa yanaulizwa kwa namna inayotaka ufikiri. Huu ni uwanja ambao wewe na vijana wale wanne mnaanzia mstari mmoja.

Karatasi ya pili hupima hoja na uthibitisho, na wengi hujikwaa hapo kwa sababu shuleni hawakuzoezwa. Chukua kauli hii: kama bei imepanda, basi mauzo yamepungua. Tuseme kauli hiyo ni kweli. Je, inafuata kwamba kama mauzo yamepungua, basi bei imepanda? Haifuati, kwa kuwa mauzo yanaweza kupungua kwa sababu nyingine. Je, inafuata kwamba kama mauzo hayakupungua, basi bei haikupanda? Ndiyo, hiyo inafuata bila shaka yoyote. Mtu anayezitofautisha kauli hizo mbili papo hapo, hata zikivishwa alama za aljebra, ana silaha ambayo mchumi huitumia maisha yake yote, na somo la Historia limekuzoeza kuuliza ni lipi lililosababisha lipi kuliko unavyodhani.

Cambridge hupokea matokeo ya mtihani wa Oktoba pekee, usajili wake hufungwa Septemba, na huruhusiwi kuufanya zaidi ya mara moja katika msimu mmoja wa maombi. Kuna ada ya mtihani, na kuna msaada wa ada kwa wanafunzi wa Uingereza wanaotimiza masharti ya kipato. Kama familia yenu inastahili, omba msaada huo kabla hujajisajili. Karatasi za miaka iliyopita zinapatikana bure kwenye tovuti ya mtihani. Fanya moja kila wiki ukijipima muda kwa saa, mezani, bila simu, kisha tumia siku tatu zinazofuata kuyarudia maswali uliyokosa mpaka uweze kumweleza mama yako kosa lilikuwa wapi. Ukiishiwa maswali, mradi wa NRICH wa Chuo Kikuu cha Cambridge una mengine mengi ya bure.

Hii ndiyo sababu ninaiona AS ya kujisomea kuwa mzigo usiokufaa. Wewe una masomo matatu, na A* ya Hisabati ndiyo nguzo ya ombi lako lote. AS ya Hisabati ya Juu ina mtaala wake, mitihani yake ya Mei na Juni, na taratibu zake za kutafuta kituo kitakachokubali mtahiniwa wa kujitegemea. Matokeo yake yatatoka Agosti, wakati vyuo vilikwisha kuamua miezi mingi nyuma. Hivyo itakusaidia kidogo sana katika uamuzi wenyewe, na inaweza kukugharimu zile saa ambazo zingeigeuza A kuwa A*. Ningebadili kauli hii kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba shule ya jirani ina darasa la somo hilo na iko tayari kukupokea jioni moja kwa wiki. Muulize mwalimu wako kuhusu AMSP, mpango ambao kwa miaka mingi umesaidia shule za England zisizo na walimu wa Hisabati ya Juu. Darasa lenye mwalimu ni jambo jingine kabisa. Kujifungia chumbani peke yako na kitabu ukiwa umechoka ndiko ninakokukataza. Kama ni kiu tu ya kujua matriksi, mihadhara ya Gilbert Strang wa MIT kuhusu aljebra ya mstari iko bure kwenye intaneti, nawe unaweza kuitazama kwa raha yako bila mtihani wowote kukusubiri.

Tuje kwenye maelezo yako binafsi. Tangu udahili wa mwaka 2026 UCAS imeyagawa katika maswali matatu: kwa nini unataka somo hilo, masomo yako yamekuandaaje, na umefanya nini kingine nje ya masomo. Yote kwa pamoja yasizidi herufi 4,000, nafasi zikihesabiwa. Swali la pili ndilo litakalokubeba, kwa sababu hapo unaweza kuonyesha hisabati ikifanya kazi badala ya kusema kwamba unaipenda. Nitakupa mfano ili uone ninachomaanisha, lakini usiuchukue kama ulivyo, utafute wako.

Chukua mfanyabiashara mwenye ukiritimba, ambaye bei anayoweza kutoza ni 100 kutoa mara mbili ya idadi anayouza. Kama kutengeneza bidhaa moja hakumgharimu kitu, kalkulasi ya mwaka wa kwanza wa A-level inakuonyesha kwamba faida yake inafika kileleni akiuza 25 kwa bei ya 50. Sasa gharama ya kila bidhaa ipande hadi 20. Rudia hesabu, utaona anauza 20 kwa bei ya 60. Gharama imepanda kwa 20, bei imepanda kwa 10 tu. Jaribu gharama ya 40, nayo bei itafika 70. Kila mara ni nusu. Mwanafunzi wa kawaida ataishia hapo na kufurahi. Ninayemtafuta mimi ni yule atakayeuliza kama nusu hiyo ni sheria ya uchumi au ni zao la mstari ulionyooka tuliouchagua. Atabadilisha mahitaji yawe yenye unyumbufu wa 2 usiobadilika, yaani bei ikipanda kwa asilimia moja mauzo hupungua kwa karibu asilimia mbili, atafanya hesabu upya kwa hisabati ile ile ya A-level, na atashangaa kukuta kwamba sasa bei ni mara mbili ya gharama, hivyo gharama ikipanda kwa 20 bei inapanda kwa 40. Ushuru nao ni gharama inayoongezwa kwa kila bidhaa, kwa hiyo swali la nani anaubeba mzigo wake halijibiki mpaka tujue umbo la mahitaji. Ukiyafikia hayo kwa kalamu yako mwenyewe, aya yako moja itasema mengi kuliko jina la somo ambalo hukulisoma.

Wala usiifiche Historia. Alfred Marshall, aliyeshika nafasi ya pili katika mtihani mkuu wa hisabati wa Cambridge mwaka 1865 na baadaye akawa profesa wa uchumi chuoni hapo, alimwandikia mwenzake Bowley mwaka 1906 kwamba hisabati itumike kama lugha ya mkato, kisha matokeo yatafsiriwe kwa Kiingereza cha kawaida na yapewe mifano kutoka maishani, halafu hisabati yenyewe ichomwe moto. Sikubaliani naye kuhusu kuichoma, na uchumi wa leo haufanyiki hivyo tena, lakini kazi ile ya katikati, ya kugeuza hesabu kuwa maneno yenye maana, ni kazi ambayo mwanafunzi wa Historia ameifanyia mazoezi kwa insha nyingi.

Kuna mtu mwingine ninayemkumbuka kila ninapopokea barua kama yako. Elinor Ostrom wa Marekani alipokuwa msichana wa shule alizuiwa kusoma trigonometria, na baadaye alipotaka kusoma uzamivu wa uchumi katika chuo kikuu cha UCLA, California, alikataliwa kwa sababu hisabati yake haikutosha. Akaenda kwenye sayansi ya siasa, akapata uzamivu mwaka 1965, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Watu humtaja kama ushahidi kwamba hisabati haina haja, na mimi sioni hivyo. Ninaona mlango uliofungwa kwa sababu watu wazima walimnyima msichana somo. Wewe hisabati inayotakiwa unayo, na mlango wako uko wazi, kwa hiyo yule kijana wa foleni asikuondoe mbele yake kwa swali moja.

Una nafasi tano katika fomu, basi zipange kwa akili. Cambridge na LSE ziweke, huku ukikumbuka kwamba ombi la Cambridge linapaswa kufika ifikapo tarehe 15 Oktoba ilhali vyuo vingi vingine husubiri hadi Januari. Fomu ni moja, hivyo tarehe yako ni Oktoba. Cambridge wakikupendelea watakuita kwenye usaili, na hapo utapewa maswali ya hisabati utakayoyafanya ukizungumza. LSE hawafanyi usaili, wanakusoma kwenye karatasi tu. Nafasi tatu zilizobaki zigawe hivi: mbili kwa vyuo vizuri vinavyotaka A au A* ya Hisabati bila kuitaja Hisabati ya Juu, na moja kwa chuo ambacho ungekwenda kwa furaha hata siku ya matokeo ikikuendea vibaya. Kaa mbali na shahada zenye jina la uchumi wa kihisabati au ekonometria, kama ile ya LSE, maana huko ukosefu wa Hisabati ya Juu utakuumiza kweli, katika ombi na hata katika mwaka wa kwanza wa masomo. Soma ukurasa wa kila shahada mwenyewe, kwa mwaka wako wa kuingia, kwa sababu masharti ya mitihani hii yamekuwa yakibadilika.

Kuhusu baba yako, usimjibu kwa kubishana. Anachoogopa ni kwamba utakataliwa kwa jambo ambalo lingeweza kurekebishwa, na hofu hiyo ni ya mzazi anayejali. Keti naye jioni moja, mfungulie ukurasa wa Uchumi wa Cambridge na wa LSE, mwonyeshe mstari wa masharti kwa kidole, kisha mwonyeshe karatasi ya TMUA uliyoifanya na alama ulizopata. Mwambie pia kwamba kama mambo yatakwenda kombo kabisa, mtu anaweza kuomba tena mwaka unaofuata akiwa na A* zake mkononi, na mwaka huo utakuwa na faida kubwa kuliko ule wa kurudia darasa ukiwa huna hakika ya lolote. Akishaona hayo na bado akawa na swali, na aniandikie yeye mwenyewe, nitamjibu.

Shangazi yako